Begi Nyuma ya Matairi

Mirdif, Dubai
22 Oktoba 2004

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hunijui, na mimi sikujui. Jina lako nimelipata nyuma ya bahasha: Emiliana Kokugonza, Kanyigo, Bukoba. Mimi naitwa Rosina Ndunguru, kwetu ni Mbinga, nina miaka ishirini na minne. Nafanya kazi za ndani hapa Dubai, katika nyumba aliyokuwa akifanya kazi binti yako Teopista kabla yangu.

Nilikuja mwezi wa tatu. Nilipouliza aliyenitangulia yuko wapi, madam alinijibu, "Alikimbia. Na wewe ukikimbia, polisi watakurudisha." Basi, sikuuliza tena.

Sasa joto limeanza kupungua, na watu wa hapa baridi ndiyo raha yao. Kila mwisho wa wiki wanakwenda kulala jangwani au kule milimani Hatta. Kwa hiyo wiki iliyopita madam alinipa kazi ya kupanga gereji iwe tayari kabla ya Idi. Usifikirie gereji ya mafundi, mama. Ni chumba cha kuwekea magari, kimeshikana na nyumba, kikubwa kuliko kanisa letu la kigango, lakini kilijaa vitu hadi gari halikuweza kuingia. Nimetoa maboya ya watoto ya kuogelea na mafeni ya kiangazi. Nimekung'uta mahema manne, nimefua mazulia, nimepanga kamba, taa, mitungi ya gesi, mabirika ya kahawa na majiko ya mkaa, kila kitu kwenye rafu yake. Imenichukua siku nne. Jana nikafika kwenye kona ya mwisho, yalipopangwa matairi ya kuendea mchangani. Nyuma yake kulikuwa na begi la bluu.

Nilidhani ni takataka. Nikafungua. Magauni matatu, sweta, kitabu cha sala cha Kihaya, barua zako tatu zimefungwa uzi, na picha ya mtoto wa kike amekaa kwenye kigoda. Picha ilichomekwa ndani ya kiatu isije ikakunjika. Nimesoma barua zako, nisamehe, nilikuwa natafuta habari za alikokwenda.

Naomba kujua kama Teopista amefika nyumbani salama, nitafute mtu wa kumletea vitu vyake. Barua hii inapelekwa posta na dereva wa hapa, Amour, mtu wa Pemba. Alipoliona jina juu ya bahasha alisimama nayo mkononi kwa muda, kisha akaitia mfukoni. Ukijibu, tumia sanduku la posta nililoandika nyuma. Ni la rafiki yake mwenye ofisi ya mizigo Hamriya. Madam hajui kwamba naandika.

Mwanao usiyemjua,
Rosina


Kanyigo
11 Novemba 2004

Mwanangu Rosina,

Marahaba. Barua yako ililetwa na katekista, akanikabidhi mbele ya watu, nikaificha ndani ya kitenge mpaka nilipofika nyumbani. Bahasha ya huko sijaipata tangu Januari. Nilifikiri ni yeye.

Teopista hajafika. Mwezi wa pili wakala aliyempeleka alimpigia simu padre kutoka Dar es Salaam. Alisema binti yangu ametoroka na mwanamume, ameaibisha kila mtu, asitafutwe. Padre aliniambia kwa upole. Lakini simu ile ilipokewa ofisini mlango ukiwa wazi, na kufikia Jumapili kanisa zima lilijua.

Nilikasirika, Rosina. Sitakuficha. Mtoto uliyemwona kwenye picha ni Resty, binti yake, ana miaka saba na analala nami kitanda kimoja. Siku moja kwenye jumuiya mama mmoja aliniuliza kama Teo ameandika. Nikamjibu mbele ya wote kwamba sina mtoto wa jina hilo. Resty alikuwa amesimama mlangoni. Tangu siku ile hamtaji mama yake, na mimi sijui nianzie wapi kumrudishia.

Sasa wewe umekuja na begi. Mimi nilikuwa mpishi wa shule, sina elimu kubwa, lakini watu wakiondoka naona wanachobeba. Mtu gani anakimbia na mwanamume akaacha sweta, na kitabu chake cha sala, na picha ya mwanawe? Na umeandika kwamba picha ilikuwa ndani ya kiatu. Kiatu gani? Mimi nilimnunulia viatu vya kahawia vya mkanda sokoni Bukoba, asubuhi aliyopanda meli kwenda Mwanza. Niambie rangi. Niambie kama ni kimoja au viwili.

Ukimwona mahali popote, mwambie arudi. Mwambie hatutamuuliza kitu.

Mimi mama yako,
Emiliana


Mirdif
30 Novemba 2004

Mama Emiliana,

Shikamoo. Nimeipata barua yako, nikaisomea kwenye stoo ya unga.

Usihangaike sana na vile viatu. Ni kandambili kuukuu tu, nadhani alikuwa amezitupa. Huenda vile vizuri aliondoka navyo. Wasichana wengi wanahama nyumba hapa, wanapata kazi kwingine, wanaogopa kuandika kwa sababu hawana karatasi za ukaazi. Mimi namwombea.

Huku hatujambo. Idi imepita salama. Dada yake madam amekuja na watoto wake kukaa mpaka mwezi wa pili, kwa hiyo chumba changu wamepewa watoto na mimi nimehamishiwa gereji. Madam alinionyesha kitanda cha kukunja akakiweka kwenye kona ile ya mwisho, nyuma ya mahema. Alisema, "Umeipanga vizuri mwenyewe, utalala kama malkia." Hakuna dirisha. Mlango ni ule wa bati unaojikunja kwenda juu, na upepo unapita chini yake. Mimi ni mtu wa milimani, baridi naijua, lakini hii ya sakafu ya saruji ni nyingine.

Nilimwambia Amour nataka kuchukua jiko moja la mkaa kwenye rafu, angalau jioni nipashe miguu. Mama, mtu yule ni mpole, hajawahi kunipandishia sauti. Alinishika mkono kwa nguvu akasema, "Usiingize moto humu ndani. Hata siku moja. Unanisikia?" Nikamuuliza kwa nini. Akaenda zake kuosha gari lililokuwa limeshaoshwa.

Kesho yake akaniletea blanketi lake.

Wako,
Rosina


Kanyigo
18 Desemba 2004

Rosina,

Unanidanganya, mwanangu. Nimeiona huruma yako lakini sikuiomba. Kwenye barua ya kwanza uliandika kwamba picha ilikuwa ndani ya kiatu isije ikakunjika. Kandambili haina ndani. Viatu ni vya kahawia, vya mkanda, na viko viwili. Umevishika kwa mikono yako.

Mwanangu hakutoka kwenye ile nyumba kwa miguu yake. Hilo nimelijua tangu nilipoisoma barua yako ya pili, nimekaa nalo siku tatu sijamwambia mtu. Kilichobaki ni kujua alitokaje.

Tena nisikilize. Huyo dereva anaogopa moto kwa sababu kuna kitu amekiona. Usilale humo. Lala jikoni, lala bafuni, wakikufukuza njoo hata Kanyigo, kitanda chetu tutabanana. Lakini humo usilale.

Karatasi iliyokunjwa ndani ya hii mpe yeye. Usiisome.

Emiliana


(Karatasi ya ndani)

Kwa ndugu Amour,

Mimi ni mama yake Teopista. Sikujui na sijui kama una watoto. Nakuomba uniandikie unachokijua. Usinipunguzie. Niliambiwa ametoroka na mwanamume, nikaamini karibu mwaka mzima, nikamkana mtoto wangu mbele ya watu kwa sababu ya maneno hayo. Hakuna utakaloniandikia litakaloniumiza kuliko hilo.

Emiliana Kokugonza


Dubai
8 Januari 2005

Kwa Bi Emiliana,

Nakusalimu kwa heshima. Jina langu ni Amour Khatib, kwetu Wete. Nina watoto watatu. Nimeendesha gari katika nyumba hii miaka kumi na moja. Umesema nisikupunguzie, basi sitakupunguzia.

Binti yako amefariki. Alifariki hapa Mirdif, alfajiri ya tarehe kumi na tano Januari mwaka jana. Hakutoroka, wala hapakuwa na mwanamume. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Wageni wa baridi walikuwa wamekuja kama mwaka huu, na Teopista alihamishiwa gereji kama Rosina. Wakati ule ilinyesha mvua siku tatu, jambo la nadra huku, na maji yakawa yanaingia chini ya mlango. Jioni ya siku ya tatu tulirudi kutoka jangwani, mvua ilitufukuza. Nikawa nashusha vitu. Jiko la makaa lilikuwa bado lina moto, nilitakiwa nilimwagie maji. Binti yako alikuwa amekaa kitandani amejifunika zulia la hema. Alinambia, "Kaka Amour, siku tatu sijalala. Miguu hainipati joto."

Bi Emiliana, sikulimwagia maji. Nililiingiza ndani. Nikaongeza makaa mapya kwa mkono wangu, nikaliweka karibu na kitanda chake. Kisha nikateremsha mlango ili upepo usimpige. Alicheka. Alisema, "Asante kaka. Leo nitalala."

Haya ndiyo ninayoyajua na hakuna mwengine ayajuaye. Polisi waliambiwa alilichukua mwenyewe. Sikusema kinyume.

Asubuhi nilikwenda kuchukua gari la watoto la skuli. Mlango ulikuwa mzito, alikuwa ameziba chini kwa matambara kuzuia maji. Nilipounyanyua alikuwa amelala ubavu, mkono chini ya shavu. Nilimwita mara mbili. Daktari alisema ni hewa ya makaa, haina harufu, humchukua mtu usingizini. Mimi sikujua. Kwetu Wete jiko liko uani na kuta zake ni za makuti, upepo unapita utakavyo. Nimepika na kuota moto maisha yangu yote na sikuwahi kuambiwa hilo.

Bwana mwenye nyumba alimpigia simu wakala mbele yangu, akamwambia amefariki, wajulishe jamaa zake. Hilo nililisikia kwa masikio yangu. Kwa nini wakala alikwambia jambo jengine, mimi sijui. Labda msichana aliyekufa humharibia biashara kuliko aliyetoroka. Madam naye alituambia sote tuseme alikimbia, ili msichana ajaye asiogope kulala pale. Mimi nikasema hivyo hivyo. Begi nililiokota kwenye pipa, nikalificha nyuma ya matairi kwa sababu sikuweza kulitupa na sikuwa na moyo wa kukuletea.

Alizikwa mwezi wa pili katika makaburi ya Wakristo. Tulikuwa watatu: padre, mchimbaji na mimi. Sala zenu sizijui, nilisimama tu mpaka wakamaliza. Padre alilikosea jina lake, alisema Teofila. Nilitaka kumsahihisha, nikaona haya kusema mbele ya jeneza lake. Kaburi liko safu ya tisa, la nne kutoka ukutani.

Rosina nimemweleza leo asubuhi. Sikuombi kitu.

Amour Khatib


Mirdif
21 Januari 2005

Mama yangu,

Pole. Nimeandika neno hilo na nimekaa nikiliangalia tu.

Nisamehe kwa kandambili. Viatu ni vya kahawia, viwili, soli hazijaisha. Nilipokudanganya nilikuwa nimeshajua kama ulivyojua wewe, ila niliona nikikuandikia ndipo itakuwa kweli.

Amour aliponieleza nilikuwa nachambua mchele. Alieleza akiwa amesimama, hakutaka kiti. Nilimkasirikia, mama. Nilimwambia, "Miezi kumi unaniangalia naingia na kutoka mle, umenyamaza?" Akasema, "Ndiyo." Hakujitetea.

Siku hiyo hiyo nikatoa godoro langu gereji nikaliburuta mpaka mbele ya chumba cha kufulia. Madam akanikuta.

"Nani amekuruhusu?"

"Madam, silali gereji tena."

"Kwa nini? Nimekupa blanketi mbili."

Nikamuuliza, "Teopista ulimpa ngapi?"

Halafu uso wake ukabadilika, akaanza kupiga kelele, nani amekwambia, nani amekwambia, hadi sir, mumewe, akatoka sebuleni. Mimi nilikuwa nimeapa sitamtaja mtu. Amour alikuwa nje anafuta gari, mlango uko wazi. Akaingia na kitambaa mkononi.

"Ni mimi, madam. Na mama yake nimemwandikia."

Sir alimtazama. Akanyoosha mkono. "Khalas, Amour. Lete funguo."

Miaka kumi na moja, mama, ikaisha hivyo. Madam alikaa kwenye ngazi akalia. Alikuwa akirudia, "Nilimwambia kila siku asifunge mlango wote." Sijui kama alimwambia kweli. Nilimwonea huruma kidogo, kisha nikakumbuka kwamba baada ya hapo yeye mwenyewe alichagua kona ile ile akakiweka kitanda changu.

Mimi sijafukuzwa. Wageni bado wapo na kazi ni nyingi. Nalala mbele ya mashine ya kufulia, pana joto. Mkataba wangu unaisha mwakani mwezi wa tatu, na pasipoti yangu iko kabatini mwao. Ijumaa iliyopita walikwenda Hatta. Walipakia mahema, mazulia na majiko kwa dakika ishirini kwa sababu kila kitu kilikuwa mahali pake. Madam alinisifu kwa hilo, kabla ya kupanda gari. Alinisifu kabisa, kama vile hapakutokea neno kati yetu.

Amour amesafiri juzi. Begi ameondoka nalo, atalituma kwa basi kutoka Dar. Anwani yake ya Wete naiandika nyuma ya karatasi hii, kama utaitaka. Ijumaa hiyo hiyo, kabla hajaondoka, alinipeleka makaburini. Safu ya tisa hakuna jina, kuna namba tu kwenye bati. Nilisali rozari nzima, na jina lake nililitaja sawasawa.

Rosina


Kanyigo
20 Machi 2005

Kwa ndugu Amour,

Begi limefika. Kondakta alilileta mpaka kwenye duka la njia panda, nikaenda nalo nyumbani kichwani.

Barua yako nimekaa nayo wiki tano kabla ya kushika kalamu. Kwanza nilikwenda kwa padre, nikamsomea yote. Jumapili iliyofuata alisimama akawaambia watu, na yeye mwenyewe akaomba radhi kwamba alipokea maneno ya wakala bila kuuliza. Tuliweka matanga siku nne bila mwili. Wakaja hata wale waliokuwa wakinionea haya njiani, wakaleta ndizi na kuni, wakalala nje kwangu kama inavyotakiwa. Sikumfukuza yeyote. Mimi ndiye niliyetangulia kumkana, ningemfukuza nani?

Resty nilimweleza mimi, jikoni, tukimenya ndizi. Aliuliza kama mama yake aliumia. Nikamwambia hapana, alilala. Akauliza kwa nini basi nililia mwaka mzima kwa hasira na sasa nalia tena. Nikaendelea kumenya.

Sasa nije kwenye makaa.

Unajua sana kuandika, ndugu Amour, lakini hukuniomba msamaha. Umesema huniombi kitu. Nadhani uliogopa nikunyime. Nikwambie kweli: kuna asubuhi naamka nakulaani kwa jina lako na la baba yako. Najiuliza mtu mzima aliyeoa, mwenye watoto, atafungaje moto na binadamu chumba kimoja akateremsha mlango. Kisha mchana unafika, nakumbuka kwamba katika nyumba ile yenye watu wengi, siku ya tatu ya mvua, ni mmoja tu aliyeona kwamba mwanangu anatetemeka. Sijui nikuweke wapi. Nimezeeka na sijawahi kuwa na mtu wa namna hii moyoni.

Lakini kukaa kimya kwako ni jambo jingine. Makaa ulikuwa hujui. Kimya ulikijua. Hilo sijakusamehe, na sitaandika kwamba nimekusamehe ili karatasi ipendeze.

Wakala tumemshtaki, padre ananisaidia. Wanasema itachukua muda, na kwamba shahidi ni wewe. Rosina amekubali kueleza atakaporudi, akirudi salama. Kwa hiyo nakuhitaji uje hata kama hutaki.

Ila si kwa hilo tu. Teopista aliondoka hapa akiwa na miaka ishirini na mitatu. Miaka miwili ya mwisho ya maisha yake sina. Barua zake zilikuwa za kunifurahisha tu, kwamba anakula vizuri, kwamba nyumba ni kubwa. Wewe ulimwona kila siku. Ulisikia anaongea, unajua alichokuwa akikicheka, unajua kama alikuwa bado anaimba akifua. Hapa kwangu hakuna mwingine anayejua hayo.

Njoo Kanyigo. Panda meli Mwanza, ukifika Bukoba uliza magari ya Kanyigo, ukishuka uliza kwa Emiliana mpishi, watoto watakuleta. Tutakupikia chakula unachoruhusiwa. Utakaa sebuleni na mimi na Resty, utueleze kuanzia siku aliyofika uwanja wa ndege, kama ni wewe uliyempokea. Ueleze polepole. Nitakapolia usinyamaze, na usiondoke. Endelea kueleza mpaka mwisho.

Emiliana Kokugonza,
mama yake Teopista